Mrithi Aliyeonja Sumu Yake

Joselyne, hutaamini. Leo kwenye matanga ya Ndihokubwayo, Jean-Berchmans amesimama mbele ya Daphrose, mjane wa marehemu, akajisifu! Ati kwenye ule mchezo wa parokia wa 1992 yeye ndiye aliyetawala jukwaa, marehemu alivuta pazia tu.

Alivuta pazia kwa nini? Daphrose anajua. Jean-Berchmans alimsengenya mumewe kwa padri mpaka akanyang'anywa nafasi ya mrithi kwenye mchezo.

Na aliichezaje? Alitakiwa amuue kaka yake mfalme kwa pombe ya sumu, arithi ngoma ya ufalme. Mbele ya mtaa mzima wa Kicukiro akaonja kwanza, kama mwenyeji yeyote anavyoonja kabla ya kumpa mgeni! Akaonja sumu yake mwenyewe!

Ndihokubwayo akachomoza kichwa pembeni mwa pazia: "Sasa kufa, mzee!" Watu wakavunjika mbavu. Mchezo ukaishia hapo.

Leo Daphrose akamuuliza taratibu: "Mwisho wake ulikuwaje, Jean-Berchmans?"

Akasema amesahau. Amesahau!

"Basi keti," Daphrose akamwambia. "Nitawasimulia mimi. Mume wangu ndiye aliyeumaliza."