Jedwali Langu Litawadanganya Wakulima wa Chai

Shangazi Marcella mpendwa, nisaidie kabla ya tarehe ishirini na moja,

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, natoka upande wa Kiptere, nafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya utafiti wa chai, na mkubwa wangu ni Daktari Zacheus, mtu mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti, na hiyo ndiyo sababu nashindwa hata kumtazama. Mwaka jana, 1995, tulizunguka kutoka Roret mpaka Merigi tukiwauliza wakulima mia mbili na kumi wanachuma majani kila baada ya siku ngapi, wanaweka mbolea kiasi gani na michai yao ina umri gani, halafu tukaingiza majibu kwenye kompyuta ili regresheni, ile hesabu ya kupima kila jambo linachangia kiasi gani, ituonyeshe ni kitu gani hasa kinachoongeza majani, na kwa kuwa jarida la ng'ambo linataka matokeo kwenye jedwali safi, desimali mbili, kosa la kadirio ndani ya mabano chini ya kila namba, na nyota pembeni, tatu zikiwa na maana kwamba matokeo ni ya uhakika zaidi, niliandika programu ya kufanya hayo yote yenyewe, unabonyeza tu na printa inatoa jedwali kama la kitabuni. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Tabby, mpiga chapa wetu, na taipureta yake, ameweka rula chini ya kila mstari akisoma namba moja moja kwa sauti, na nilimcheka sana, Shangazi, nilimwambia hiyo rula aipeleke shule ya nasari.

Daktari alipoona jedwali alifurahi mpaka akaita ofisi nzima, akaandika jina langu kwenye makala, la pili baada ya lake. Jedwali lilisema kwamba mkulima anayekaa siku nyingi bila kuchuma ndiye anayepata majani mengi, nyota tatu, na kwamba mbolea inapunguza majani. Nikamuuliza kama hiyo si ajabu, akasema, "Joan, hapo ndipo kuna kitu mpya. Mambo ya mbolea kila mtu anajua. Hii hakuna mtu amesema." Akaandika kurasa mbili nzima za kuieleza.

Nilipeleka nakala nyumbani mama aone jina langu, kwa sababu ni majani yake yaliyonisomesha, na nilipomsomea matokeo alicheka mpaka akaweka kikapu chini. "Joan, mwenye aliandika hii hajawahi kubeba kikapu. Mimi nikikaa siku ishirini bila kuchuma, yule karani wa kituo cha kununua majani ataangalia majani yangu yamekomaa aniambie, mama, rudisha nyumbani upatie ng'ombe."

Jumatatu iliyofuata nikatoa karatasi za kwanza za kompyuta nikakuta kosa ni langu. Kompyuta ilipanga matokeo kwa alfabeti, mbolea, siku, umri, lakini majina ya mistari niliyaandika mwenyewe ndani ya programu kwa kufuata fomu yetu ya maswali, siku, mbolea, umri, kwa hiyo namba za mbolea zimekaa kwenye siku na za siku kwenye mbolea, na kwa kuwa umri ulibaki mahali pake hakuna aliyeshtuka. Sasa ni wiki tatu sijasema. Jarida limeturudishia kurasa tuzihakiki kwa mara ya mwisho, na tarehe ishirini na moja Daktari atasimama mbele ya wakulima pale Merigi awaambie wapunguze mbolea na wachelewe kuchuma. Nimefikiria kubadilisha mistari kimyakimya, nimefikiria kusema ni virusi vya kompyuta, nimefikiria kuacha kazi. Naona haya, Shangazi. Nifanye nini?

Joan, Kericho

Joan mwanangu,

Pole sana. Barua yako nimeiweka mbele ya za waume na mawifi kwa sababu ya hiyo tarehe, na jibu hili nimekutumia kwa posta pia, usingoje gazeti.

Kwanza, pumua. Hukuiba, wala hukubuni namba. Hesabu zote ni za kweli, zimewekewa tu majina yasiyo yake. Hilo linaweza kumpata hata mwenye shahada tatu. Lakini wiki tatu za kunyamaza si kosa la programu, hizo ni zako. Na virusi, tafadhali! Virusi gani hivyo vinavyojua alfabeti?

Kubadilisha kimyakimya usithubutu. Jedwali litasema hivi, zile kurasa mbili zitasema vile, na jina la kwanza pale ni la Daktari. Mtu hajakupandishia sauti hata siku moja, halafu umwache aaibike mbele ya wasomi?

Kesho asubuhi ingia ofisini kwake ukiwa na karatasi ya kwanza ya kompyuta, jedwali baya na jedwali lililorekebishwa. Usianze na machozi. Sema, "Daktari, nilibadilisha majina ya mistari miwili kwa makosa, na maelezo yako lazima yabadilike." Halafu nyamaza. Atakasirika, na atahuzunika zaidi, maana kile kitu kipya chake kimekwenda. Mwache ahuzunike. Yeye pia angemuuliza mkulima mmoja tu kabla ya kujaza kurasa mbili, lakini hilo si lako kumwambia, ni langu. Siku hiyohiyo mwombe atume faksi jarida lisimamishe uchapishaji.

Kisha rekebisha programu. Mimi kompyuta siijui, nilimuuliza mpwa wangu Alfayo anayefundisha hesabu, akasema jina la mstari litoke kwenye faili ileile yenye namba, lisiandikwe pembeni kwa mkono. Ukimaliza nenda kwa Tabby, umwombe msamaha, halafu umwombe na rula. Akusomee mstari kwa mstari, kwa sauti.

Najua jina lako kwenye makala linakuuma kuliko unavyosema. Labda litabaki, labda litatolewa, ataamua Daktari. Ila kazi usiache. Watu mia mbili na kumi waliacha kuchuma ili wajibu maswali yenu, na wewe ndiye unayejua majibu yao yamekaa wapi.

Jedwali jipya likitoka kwa printa, kabla ya Merigi na kabla ya posta, mpelekee mama yako umsomee. Asipocheka, litume.

Shangazi Marcella