Nilikuambia Usubiri Mwezi Ukae Sawa

Baba mdogo,

Naandika haraka, usinicheke mwandiko. Jana nimeigusa darubini yako kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Unajua mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki, kwa hiyo meza yangu ya dagaa pale soko la Mwigobero ilikuwa tupu. Siku kama hizo nilikuwaga nakimbilia kwako Kiabakari. Safari hii Mama mdogo ndiye aliyenipigia: "Njoo uitoe hiyo mashine ya mume wangu, panya watakula nyaya." Nilitaka kukataa. Lakini sababu yenyewe ndiyo niliyokuwa namficha.

Jua lilipozama niliisimamisha uani, nikaifungia kamera, nikaukuza mwezi kwenye kioo chake. Ukungu mtupu. Nikazungusha lile gurudumu dogo la fokasi kama ulivyonifundisha: "Ipite kidogo, halafu urudi. Toa mkono, ngoja itulie." Kingo za mashimo ya mwezi zikaanza kujichora. Hapo nikaogopa kugeuka. Nilikuwa na hakika nikigeuka nitakukuta chini tena.

Maana siku ile ulisema, "Mwanangu, kifua kinanibana, twende ndani." Nami, macho kwenye kioo, nikakujibu, "Subiri, Baba mdogo, imekaribia." Nikazungusha tena. Na tena. Nilipogeuka ulikuwa umekaa chini, mgongo ukutani, mdomo wazi. Gari la jirani halikukuwahisha hospitali.

Msibani walisema nina bahati, nilikuwa nawe mwisho. Tangu hapo nalala taa ikiwaka. Mtu akikohoa sokoni, moyo unaruka.

Jana nilishindwa. Niliiacha darubini, nikamwambia Mama mdogo yote palepale uani, bila kumtazama. Nikangoja anifukuze. Sijawahi kuogopa hivyo, hata ziwani mtumbwi ulipoingia maji.

Alivuta kigoda, akakaa karibu nami. Kisha akasema, kwa sauti nisiyoijua, "Na mimi aliniambia asubuhi yake kifua kinambana. Nikamwambia amalize kwanza kukamua ng'ombe."

Hakuna aliyembembeleza mwenzake. Tulishikana mikono tu. Wake ulikuwa wa baridi.

Leo nimeamka nikamkuta jikoni anajisugua kifua. Nimemuuliza. "Uchovu tu huu. Ngoja tunywe chai, mambo ya hospitali tutaona kesho." Nimezima jiko. Nimemwambia hakuna chai, hakuna kesho. Amenuna, lakini amevaa kitenge chake kizuri na sasa yuko mlangoni anatafuta viatu. Nakuandikia huku nikimwangalia, sithubutu kuinamisha macho muda mrefu.

Gari nililoita limepiga honi. Pumzika, baba yangu. Sijui watatuambia nini huko Musoma, na naogopa sana, ila nakuahidi: leo mkono wake siuachii.

Mwanao.