Mijusi wa Buluu

Mtaa wa Najma, Doha
12 Februari 2024

Mdogo wangu Khalfan,

Asalaam alaykum. Mimi mzima, miguu tu imevimba kwa kusimama mapokezi hotelini. Wewe je, au hao mijusi hawakupi nafasi hata ya kuumwa? Khalfan, umenichosha! Hoteli inatafuta msimamizi wa bustani, nimekutaja kwa meneja, nawe unanijibu habari za nyoka. Mama akiniuliza unafanya nini huko Ibiza, nimwambieje?

Dada yako,
Sharifa

Ibiza
3 Machi 2024

Dada Sharifa,

Waalaykum salaam. Nimeungua jua, vinginevyo sijambo. Pole na miguu. Mwambie Mama natega nyoka. Si wa kisiwa hiki. Waliingia wamejificha ndani ya mashina ya mizeituni ya mapambo iliyoletwa kutoka Uhispania bara. Mijusi wenyeji hawakuzoea nyoka, wanaliwa kama karanga. Kikosi chetu kinalinda kijisiwa kimoja chenye mijusi wa buluu. Kikisalimika, nitakuja. Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Khalfan

Doha
20 Machi 2024

Khalfan,

Salamu zako zimefika, akili yako bado. Kijisiwa si kimezungukwa na bahari? Nyoka atapanda boti? Usaili ni Juni. Usiniaibishe.

Dada yako,
Sharifa

Ibiza
9 Septemba 2024

Dada,

Natumai hujambo. Samahani kwa kimya, na kwa usaili.

Nyoka wanaogelea. Tulipopanda kijisiwani mwezi wa saba niliketi mwambani na kipande cha tunda. Zamani mijusi walinipandia magotini kulilamba. Safari hii hakuja hata mmoja. Nililia mbele ya wenzangu.

Umeshinda. Niombee hiyo kazi.

Mdogo wako,
Khalfan

Doha
27 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Afya ninayo, ila barua yako niliisoma ndani ya metro nikapitiliza kituo. Pole sana.

Lakini sasa ndiyo umeniudhi kweli! Muda wote huu unatuchosha na mijusi, hata mimi nimeanza kuwaota, halafu leo unaacha? Meneja bado hajaajiri mtu. Nimemwambia hupatikani.

Mama nilimsimulia kwa simu. Akauliza, "Na vijisiwa vingine, mijusi bado wapo?"

Nilimwambia anayejua ni wewe. Mpigie wewe. Ukishamjibu, kaweke mitego.

Dada yako,
Sharifa