Nilifungua Kufuli la Kamanda ili Mama Mkwe Aone Taa

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, tena upesi, maana Jumatatu bosi anakaa na mwenzangu ofisini na mimi sijui nifanye nini. Niko ugenini kwa kibali cha kazi kilichoandikwa "msaidizi wa fundi umeme", lakini nasomea leseni ya fundi kamili, mtihani wa kuandika nimeshaupita vizuri tu, umebaki wa vitendo ambao ni mwezi ujao, na nikipata leseni kibali kinabadilishwa, naweza hata kumleta mchumba wangu. Tatizo ni kwamba nyumbani nilishasema mimi ni injinia. Sikusema kwa ubaya, mshauri, ni mama mkwe mtarajiwa aliyeniuliza kazi yangu siku ya kwanza kuongea naye na neno "msaidizi" likakataa kutoka, na tangu hapo ukoo mzima unaniita Injinia.

Fundi anayenisimamia ni mwanamke, tena mdogo kwangu kwa umri, sisi tunamwita Kamanda kwa sababu hataki mchezo. Wenye leseni wanavaa kizibao cha rangi ya machungwa, sisi tunaojifunza tunavaa cha kijani chenye neno MWANAFUNZI mgongoni, herufi kubwa kama tangazo la dukani, na kwa mtu mzima kama mimi kupita na hicho kitu mbele ya vibarua kunauma sana. Sasa, kazini kwetu kuna sheria kwamba fundi akiingiza mikono kwenye nyaya anazima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo anakaa nao yeye, na hakuna mwingine wa kulifungua hata awe bosi. Sheria hiyo naijua, imo hata kwenye maswali ya mtihani.

Siku hiyo Kamanda alikuwa juu ya ngazi, kichwa na mikono vimo ndani ya dari, joto likamzidi akavua kizibao akakitundika chini kwenye ngazi, mara mchumba wangu akapiga simu ya video, yuko na mama yake na shangazi zake, wanataka kuniona kazini. Ningefanyaje? Nilivua cha kijani nikavaa cha machungwa, nikatembea nao kwenye simu mpaka chumba cha swichi, nikawaonyesha mitambo, wakapiga vigelegele, halafu mama mkwe akasema, "Hebu tuwashie, Injinia wetu, na sisi tuone." Mfukoni mwa kile kizibao mlikuwa na ufunguo wa Kamanda. Nilijiambia Kamanda atakuwa ameshamaliza maana kulikuwa kimya, nikafungua kufuli, nikawasha. Taa ziliwaka, mshauri, tena vizuri, nyumbani wakashangilia, ndipo nikasikia kishindo. Kamanda alipigwa na umeme akaanguka. Hakufa wala nini, ni mkono tu umeungua na bega limeteguka, sasa yuko kwake anapumzika, na hilo nalo limeniletea shida kwa sababu sina wa kunisimamia mazoezi ya mtihani.

Katika vurugu zile nilirudisha kizibao nilipokitoa, ila ufunguo niliusahau kwenye kufuli. Mlangoni pa chumba cha swichi palikuwa na ndoo za fundi rangi, ambaye tumetoka nchi moja na tunalala chumba kimoja, yeye ndiye hushika kitabu changu asubuhi akiniuliza maswali huku anachemsha chai. Basi bosi anaamini ni yeye aliyechezea swichi. Ametakiwa ajieleze Jumatatu, na asipoeleweka kibali chake kinafutwa anarudishwa nyumbani. Yeye anaapa hajui kitu, na mimi namwambia vumilia ndugu yangu, Mungu yupo.

Nikisema ukweli, leseni imekwenda, kibali kimekwenda, na ndoa pengine imekwenda. Nimefikiria ninyamaze kwanza mpaka nifanye mtihani, nikishafaulu ndiyo niseme. Isitoshe, rangi ni rangi, hata nyumbani kuta zipo, kazi hatakosa. Je, hilo ni kosa? Na kama ni lazima niseme, nitumie maneno gani ili habari zisimfikie mama mkwe?

Wako, Injinia Mtarajiwa

*

Msaidizi wa fundi,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo ulivyo, na wala si tusi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho na ya pili kwa hasira, na hasira hazijaisha.

"Hakufa wala nini, ni mkono tu." Hivi ulipoandika hayo hukusimama hata kidogo? Mkono tu! Fundi umeme anafanyia kazi nini, kope? Umekililia kizibao kuliko ulivyomlilia mwenye kizibao. Hujasema umekwenda kumwona, hujasema umempigia kumjulia hali, na simu unayo, kazi yake tumeiona. Jambo pekee linalokusikitisha kuhusu mtu uliyemwangusha kutoka kwenye ngazi ni kwamba ameacha kukusimamia mazoezi. Ningekuwa karibu ningekufinya sikio.

Halafu unalalamikia neno MWANAFUNZI. Hilo neno hawakukubandika ili kukuaibisha, bwana. Waliliweka ili kila anayepita ajue kwamba huyu asiachiwe swichi peke yake. Wewe ukalivua kwa dakika chache tu na ukatuonyesha kwa nini walilishona.

Sasa huyo mwenzako. Anakuchemshia chai, anashika kitabu ambacho hakimhusu, anakuuliza maswali ili wewe upande cheo, na ujira wake ni kuambiwa Mungu yupo. Ndiyo, yupo, na hata kwenye chumba cha swichi alikuwepo. "Rangi ni rangi." Kama ni rahisi hivyo, rudi wewe. Hata nyumbani nyaya zipo.

Najua ugeni, usidhani sijui. Najua kibali kinavyomkaba mtu, kwamba ukikosana na bosi mmoja ni kama umekosana na nchi nzima, na kusoma baada ya kubeba ngazi kutwa si mchezo. Kuogopa kwako nakuelewa na nakuhurumia. Mimi mwenyewe ni mama mkwe wa vijana wawili, na nakiri tunauliza "unafanya kazi gani, mwanangu" kwa sauti ya polisi. Lakini msaidizi wa fundi ningempakulia chakula na kumwongeza. Anayeunguza watu ili anifurahishe mimi kwenye simu, huyo ningemzuia mlangoni.

Kwa hiyo usisubiri hiyo Jumatatu. Ukishasoma hapa, mwambie mwenzako, usoni, kabla hajaanza kukunja nguo zake. Usimdai msamaha papo hapo. Mwache akasirike, ni haki yake. Kisha nendeni wote kwa bosi, na kwa kuwa umeniomba maneno, maneno ni haya: "Kufuli nililifungua mimi. Ufunguo niliuchukua kwenye kizibao cha fundi. Huyu hahusiki." Ishia hapo. Usitaje joto, usitaje ukimya wa dari, na vigelegele vya shangazi bakia navyo mwenyewe. Ukitoka hapo nenda kwa Kamanda, umsikilize mpaka amalize, na ole wako ufungue mdomo kuulizia mazoezi. Mchumba umpigie siku hiyo hiyo, umwambie ulichofanya na kazi unayofanya kweli, yeye na mama yake. Habari zitawafikia tu, afadhali zitoke kwako. Akikuacha, atakuwa amemwacha Injinia ambaye hata hivyo hakuwahi kuzaliwa.

Na mtihani? Sijui. Huenda ukafungiwa, huenda ukapanda ndege ukarudi na begi lako, na mimi sitakudanganya kwamba kusema kweli kutakulipa. Ukirudi, utakuwa mtu aliyekosea akasema, na wa kukupa kazi ya usaidizi hatakosekana. Lakini ukinyamaza ukafaulu, utapewa hiyo leseni, utavaa hicho kizibao, na watu watakuita uwawekee umeme kwenye nyumba wanamolala watoto wao. Nyumba hiyo nikialikwa, nitakwenda na mshumaa wangu.

Mshauri