Vitundu Viwili vya Goti

Jumatano usiku, Novemba 1996

Na kesho akija simfunulii tena, hata aape.

Asubuhi wifi yangu Zuhura alipanda ngazi kunitazama, akataka kuliona goti nililopasuliwa kwa kamera ndogo ya kupenyezwa ndani. Akaona vitundu viwili. "Ndivyo hivi tu? Haya, inuka utupikie chai." Nikainuka. Maumivu yakanipanda hadi kiunoni.

Alasiri nikasikia sauti yake tena chini. Nikajizungushia bandeji mguu mzima, kuanzia pajani hadi kifundoni.

"Masikini wifi yangu, kumbe umezidiwa! Usiinuke." Akanipikia uji, akanitilia mto chini ya goti.

Na maumivu yakapungua, wallahi. Vidonge vya daktari vimeshindwa, uji wa mwanamke yule umeweza. Hilo ndilo nisilomsamehe.