Kipande Chako cha Barabara

Nyumbani,
Mwisho wa njia ya changarawe,
Machi 9.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi, na ukitaka kuzihesabu anza na kokoto za hapa mlangoni. Hujambo? Kile kifua chako cha msimu wa baridi kimetulia? Wifi yangu je, na wale mapacha, wameshaacha kung'atana? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mguu wa Mama, ambao ndio uliokufanya uniandikie kwa hasira. Nitafika huko, vumilia.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaificha ndani ya kopo la majani ya chai ili Mama asiione. Akaiona. Unamjua Mama. Ulisema kama gari la muuguzi wa kidonda halitafika mlangoni kabla ya mwisho wa mwezi, utakuja kumchukua akaishi kwako. Alikwenda kuketi kwenye kiti chake cha dirishani akaitazama barabara, na chai yake ikapoa.

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwita dereva wa greda. Alikuwa akitengeneza barabara kuu, nikamwomba apitishe na kwetu mara moja. Akapitisha kweli! Njia ikawa bapa kama meza, nami nikatembea kifua mbele. Fundi baiskeli wa njia panda akaniambia, "Dada, mbona umeivunja mgongo?" Nikamcheka. Mvua ya kwanza ilipokuja, maji hayakujua pa kwenda. Yakashika katikati na kuchimba mfereji wa kumeza gurudumu. Jumanne ile muuguzi aliacha gari barabara kuu akaja kwa miguu, viatu mkononi. Jumanne iliyofuata hakuja kabisa.

Mtoto wa baba yetu kusahau mgongo wa barabara, ule mwinuko wa katikati, hebu fikiria! Unakumbuka alivyokuwa akimwaga ndoo ya maji katikati, sisi tumechuchumaa pembeni, wewe kulia, mimi kushoto? Maji yakitufikia kwa pamoja, kazi imekwisha, tukanawe. Yakituama, tunarudi kwenye majembe. "Maji ni mgeni," alikuwa akisema. "Mwonyeshe mlango wa kutokea kabla hajaomba kulala."

Na vile alivyotugawia vipande! Changu kilitoka langoni hadi kwenye mpera. Chako kilitoka kwenye kalavati hadi konani, penye tope zito kuliko kote, nawe ulinung'unika kila Jumamosi. Mimi nilirundika kokoto bila kuzitandaza, ndipo akaniita Kichuguu, nawe ukalipeleka jina hilo hadi shuleni. Siku hizi nayakumbuka hata yale malengelenge ya viganja kwa upendo. Nadhani ndio uzee wenyewe.

Naikumbuka pia asubuhi uliyoondoka. Ulitupa beleshi mtaroni, ukamwambia Baba hukuzaliwa kubeba mawe. Miaka kumi na mmoja, hadi anafariki, hakulitaja jina lako mezani, nami nikaamini moyo wake umefunga. Siku ya mazishi uliniuliza kwenye simu kama alikuachia neno lolote. Nikakuambia hapana.

Sasa sikiliza. Jumatano iliyopita nilichukua sururu na toroli nikaanza kurudisha mgongo. Fundi baiskeli akaja kunisaidia. Hakusema "nilikuambia", ingawa uso wake ulikuwa ukisema. Kwenye kipande changu tulikuta udongo mtupu, kokoto zote zimesombwa. Ilihitajika changarawe lori zima, na lori lenyewe lisingeweza kupita. Nikaanza kupanga moyoni nitakavyofungasha nguo za Mama.

Tukafika kwenye kalavati. Pale mfereji ulikuwa umepasua kipande chako, na ndani hapakuwa na udongo. Changarawe. Tukachimba hadi magotini, bado changarawe, tabaka juu ya tabaka, nyeupe ya mtoni, nyekundu ya mlimani, tena nyeupe. Nikazihesabu. Kumi na moja.

Nikamwita Mama. Akaja na mkongojo wake, akainama kutazama.

"Kila mwaka, mwezi ule ule alioondoka kaka yako," akasema. "Baba yenu ananiambia anakwenda kuangalia kalavati. Anarudi mgongo unamuuma, nami namkanda, simuulizi."

Kaka, nilikaa chini palepale nikalia. Fundi baiskeli akajifanya anakagua gurudumu la toroli.

Tulichukua tabaka nane za juu tukazitandaza njia nzima, mgongo katikati, mitaro kandoni, tukazishindilia kwa lile gogo la Baba lenye mishikio miwili. Jumapili Mama alidai kumwaga ndoo mwenyewe. Nikachuchumaa kushoto. Kulia hapakuwa na mtu, basi akamweka fundi baiskeli, ambaye aliroweshwa suruali. Maji yalitufikia pamoja. Jana muuguzi aliegesha gari mlangoni, na anasema kidonda kinafunga vizuri. Mama ameniagiza nikuandikie kwa herufi kubwa: HAHAMI.

Ila njoo. Usije kumchukua, njoo tu, kabla ya mvua kubwa. Tabaka tatu za chini sikuthubutu kuzigusa, na juu yake panahitaji mikono yako. Na lile jibu nililokupa siku ya mazishi nalifuta. Baba alikuachia neno. Tulikuwa tukilikanyaga kila siku bila kujua.

Msalimie wifi, na mapacha wabusu kwenye vipaji vya nyuso. Mama anakuombea, na fundi baiskeli anakusalimu. Mungu akulinde njiani, akulainishie kona zote.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,

Kichuguu