Soya Zilizomenywa

Jumanne, Mowlem

Bado nina hasira. Soya mbichi nilizitafuta wiki nzima, nikaziosha na maganda yake nizichemshe hivyo hivyo, nikatwanga kitunguu saumu na pilipili. Ganda ndilo hushika viungo. Unalinyonya kwanza, ndipo ule mbegu. Nilitaka wenzangu wa chama chetu cha akiba waonje kesho, labda wangeanza kuagiza kwangu.

Nilipotoka kuoga nilimkuta mama mkwe amezimenya zote kama minji. Maganda yako kwenye taka.

“Nimekusaidia, mwanangu. Naona ulikuwa umechelewa.”

Nikasema asante, mama.

Akazipika na nyanya. Mume wangu aliongeza sahani mara mbili, akaniambia nijifunze kwa mamake.

Mimi pia niliongeza. Hilo ndilo linaloniuma.